Ile ya Sensa

Kwenye msiba wa Baba Salima waliniomba niwaambie ile ya sensa. Nilikuwa nimeondoka Masasi alfajiri, nimefika Mkunya, nimewapa pole wanawake waliokaa uani, na kabla sijavua hata viatu shangazi yake mmoja akapaza sauti, "Mmakua amefika. Atuambie ile ya sensa kabla mtani wake hajatolewa ndani." Mgeni asiyejua mila za huku angeweza kushangaa, lakini mtani msibani ana kazi yake. Wengine wanalia, yeye anatukana. Anamsema marehemu ubahili wake, anajilaza mlangoni jeneza lisipite, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi ni Mmakua wa Lulindi na yeye alikuwa Mmakonde, tulikuwa watani kabla hatujajuana majina. Basi nikasimama katikati ya uwanja, nikawaambia. Nikawaambia kwamba aliyempofua ni mimi. Nikawaambia jinsi nilivyomuuzia kitu nilichokuwa najua si chake, kwa sababu niliona aibu kushindwa maneno na Mmakonde mbele za watu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama mmoja mwenye mimba kubwa alinisihi ninyamaze, eti mbavu zinamuuma. Nimekisimulia kisa hiki kwa miaka zaidi ya thelathini na sijawahi kutia uongo ndani yake. Leo nakiandika bila kuchekesha, nione kitabaki nini.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nauza spea Masasi katika duka la mzee mmoja tuliyemwita Baba Zuhura. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, mwanga wake wa mlangoni tu. Mbele, mikanda ya feni kwenye misumari, makopo ya oili, breki za baiskeli kwa ajili ya wale ambao hawakufika kwenye magari. Kadiri ulivyoingia ndani ndivyo giza lilivyozidi na vitu vilivyozidi kuwa vidogo: plagi, fyuzi, na mwisho kabisa, kwenye rafu iliyoegemea ukuta wa jikoni kwa Mama Zuhura, maboksi ya sensa, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kututesa. Magari ya zamani yaliharibika kwa kelele. Fundi alisikiliza, akanusa, akajua. Haya mapya yalikuja na kompyuta na vijidude vyenye waya, kila kimoja kazi yake kupeleka habari: maji yana joto kiasi gani, hewa inaingia kiasi gani, krenki inazungukaje. Kimoja kikifa, gari linazima njiani na huoni hata tone la mafuta chini. Mafundi wazima, watu wa heshima zao, nimewaona wakifungua boneti wakatazama ndani wakafunga tena bila kusema neno.

Hakuna aliyekuja dukani na jina la kitu. Fundi alimwambia mteja, "Nenda kaonyeshe sampo," na mteja alikuja na kitu chenyewe kilichokufa, kimefungwa kwenye gazeti au kimo mfukoni pamoja na funguo za nyumbani, akakiweka kaunta. Macho ya Baba Zuhura hayakuweza tena namba ndogo, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaweka lenzi, nikasoma namba. Nilihesabu nyuzi za skrubu ya kufungia, nikatazama soketi ya waya ina masikio mangapi ya kuinasa na yamekaa upande gani, kisha nikaingia gizani na kutoka na ndugu yake. Niliipenda kazi ile. Sijapata kupenda kazi nyingine hivyo, na nimefanya nyingi.

Jambo moja nililifahamu mapema bila kufundishwa, kwamba sampo huweza kudanganya. Gari limeharibikia juu huko Newala, fundi hana spea, dereva ana abiria. Fundi anachomoa sensa ya gari jingine lililokufa, tena la aina nyingine, na sikio la soketi likigoma kuingia analichonga kwa kisu. Linaingia, safari inaendelea. Mwaka mmoja baadaye dereva yule anakuja kwangu na kitu kile kile, anaamini ndicho gari lake lilichozaliwa nacho. Ukimpa kinachofanana nacho, umempa kosa lile lile, ila jipya. Dalili ilikuwa moja tu, alama za kisu kwenye sikio. Nikiziona nilikuwa nasema, hii si ya gari lako, rudi, mwambie fundi aangalie injini asiangalie sampo. Wengine walininunia, wengine walirudi kunishukuru. Baba Zuhura akaanza kunitangaza kwa wateja. "Sampo haiwezi kumdanganya binti huyu," alikuwa anasema. Nami niliipenda sentensi ile kuliko ilivyonifaa.

Baba Salima alikuwa dereva wa pikapu ya dabo kebini, yake mwenyewe, akipakia korosho, saruji, wagonjwa, chochote, kati ya Newala na Masasi. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi na minne, na mtu wa umri ule nilipaswa kumwamkia shikamoo. Sisi hatukuamkiana. Alikuwa akisimama mlangoni, ananizibia mwanga makusudi, anasema, "Mmakua, umeamka? Mimi nilijua bado mmelala mpaka jua liwapige visogoni." Nami namjibu, "Na wewe umeoga, au maji yote umelinywesha gari?" Kila mtu anajua maji yalivyo ya shida kule juu, na kila mtu alijua dumu la maji ya rejeta halikosi nyuma ya kiti chake. Watu wameniuliza, na mume wangu mwenyewe ameniuliza, kama nilimpenda. Hapana. Nilipenda kumshinda, na naona hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, wakati wa chakula. Mama Zuhura alikuwa akipika kwa ajili yetu na mafundi wa gereji ya ng'ambo ya barabara, na tulikuwa tunakula mle mle dukani, sinia moja chini, ugali wa muhogo na kisamvu kilichopondewa korosho. Kulikuwa na mafundi watatu, Baba Zuhura, na wateja wawili waliokaribishwa kwa adabu wakakaa kweli. Mazungumzo yalikuwa ya fundi mmoja aliyebadilisha pampu ya mafuta, plagi na chujio kwenye gari moja, kumbe ni sensa. Baba Salima akaingia. Fundi Saidi, mkubwa wa gereji ile, alikuwa amebaki na gari lake akamtuma kwangu na sampo. Mshale wa joto ulikuwa unamchezea, alisema, unapanda, unashuka, unapanda, hata gari likiwa limesimama. "Fundi anasema ni sensa. Nikamwambia mimi nilishahesabiwa. Mke mmoja, mtoto mmoja, dumu moja." Watu wakacheka na tonge mdomoni.

Nikanawa, nikasimama, nikachukua kile kitu mkononi mwake. "Ni sensa kweli," nikasema. "Tunahesabu Wamakonde waliooga. Tangu asubuhi nimefika sifuri." Hapo walicheka zaidi, Baba Zuhura akapaliwa, ikabidi apewe maji. Baba Salima akasubiri kelele ipungue, alikuwa hodari wa kusubiri. "Haya, hesabu hicho," akasema. "Usiponipa chenyewe, natangaza mpaka Lulindi kwamba binti yao niliyemkuta Masasi hajui kuhesabu."

Nikapangusa, nikaweka lenzi. Namba ilisomeka, na niliikumbuka, boksi lake lilikuwa rafu ya chini. Nikageuza kutazama soketi. Masikio mawili. Moja zima, jingine limechongwa, alama za kisu zimenyooka, safi, kazi ya mtu asiye na haraka. Niliziona. Naandika polepole hapa kwa sababu hapa ndipo penyewe. Nilijua maana yake kama ninavyojua jina langu. Kilichobaki kilikuwa kusema, Baba Salima, sampo hii si ya gari lako, sina cha kukupa mpaka fundi aangalie injini. Lakini nilishaisikia sauti yake kichwani, "Hana! Mmakua hana!", na sinia zima likimshangilia. Nikaingia gizani. Nilikaa kule muda wa kumeza mate mara mbili, hivi. Upande wa pili wa ukuta Mama Zuhura alikuwa anasugua sufuria. Nikatoka na boksi, nikaliweka kaunta, nikasema, "Sifuri imekuwa moja. Nenda kaoge." Walipiga makofi.

Fundi Saidi aliichonga ile mpya kama ya zamani ilivyochongwa, akaifunga. Mshale ukatulia. Baada ya kuyumba siku zote zile, sasa ulikaa chini ya nusu na hauondoki, uwe mlima, uwe mzigo. Baba Salima alifurahi kupita kiasi. Aliniletea ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha iliyotiwa chumvi na pilipili, akaniletea tena wiki iliyofuata. "Mtani, mshale umelala usingizi," alisema. Nilikula. Niliwaza kwamba labda zile alama zilikuwa za kitu kingine, kwamba labda magari yale mawili yanatumia sensa moja, inatokea. Kuna wakati nilitaka kuvuka barabara nikamwambie Fundi Saidi aipime injini kwa namna nyingine. Nikaona itakuwa kujiharibia jina bure kwa gari ambalo halilalamiki. Huu ndio ugonjwa wa sensa isiyo yake. Inaipa kompyuta habari ya ubaridi, kompyuta inaamini, feni haiwashwi, na mshale unamwonyesha dereva kile kile cha uongo. Gari linaungua na hakuna anayelalamika.

Ulipofika msimu wa korosho alipanda kuelekea Newala akirudisha magunia matupu na saruji juu yake, jua la saa nane. Aliyenisimulia ni mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, alikuja dukani siku chache baadaye kutafuta mkoba wake. Alisema gari lilianza kuishiwa nguvu kwenye mlima, likawa linavuta kama limeshikwa. Baba Salima akasimamisha, akazima, akafungua boneti. Harufu ilikuwepo. Alirudi mlangoni akainama kutazama dashibodi. "Alitazama mshale kwanza," mwalimu aliniambia. "Akasema, hii ni baridi, maji tu yamepungua. Akachukua dumu lake." Akashika kifuniko cha rejeta kwa mkono na kitambaa chepesi, akakizungusha, uso wake ukiwa juu yake. Mwalimu hakuweza kuendelea na mimi sikumwomba aendelee. Nilimtafutia mkoba wake tukaukosa.

Gari lilivutwa mpaka gereji. Kesho yake Fundi Saidi alivuka barabara, akasubiri wateja wawili watoke, akaweka sensa ile kaunta. Alama za kisu zilikuwa mbili sasa, zake na zile nilizozikuta kwenye sampo, maana alikuja na zote mbili, mpya na kuukuu, ameziweka sambamba.

"Ile ya kwanza uliiona?" akaniuliza.

"Niliiona."

Akaitikia kwa kichwa. "Na mimi niliiona wakati naichomoa. Nikasema, yule binti akiikubali, basi ni yenyewe." Akachukua zote mbili akaondoka nazo, na tangu siku hiyo hakula tena kwenye sinia letu. Nami nikaacha kuingia gizani kwa furaha. Kila mtu aliyeweka sampo mbele yangu nilimuuliza maswali kama polisi, mpaka Baba Zuhura akaniambia ninafukuza wateja.

Hospitalini nilikwenda mara moja, nikaishia mlangoni mwa wodi. Nilimwona kwa upande tu, kichwa chote bendeji, na mkewe amekaa sakafuni na sahani ya uji uliopoa. Nikageuka. Walipomruhusu kurudi nyumbani nilisubiri mwezi mzima, kisha siku moja ya Jumapili nikanunua sabuni na sukari nikapanda Mkunya. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu chini. Nilitaka nimwambie yote, anitukane tusi la kweli, tusi lisilo la utani, kisha nirudi nyumbani nikiwa mtu mwenye kosa linalojulikana. Sikutaka zaidi ya hapo. Naona hata sasa kwamba halikuwa jambo kubwa kuomba.

Nyumba yao ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, safi sana. Mama Salima alinipa maji ya kunawa kwenye bakuli, kidogo, yanayotosha vidole, akatenga ugali na mlenda. Baba Salima alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani. Ngozi ya uso ilikuwa imeanza kushikana kwa mabaka ya pinki na macho yalikuwa wazi, meupe, hayatazami popote. "Siku hizi hasemi," Mama Salima alisema, kama anayemweleza mgeni kuhusu mlango usiofunga. Mimi, badala ya yote niliyokuwa nimezoea kumwambia, nikasema, "Shikamoo, Baba Salima."

"Marahaba," akasema. Hakuna tusi lolote maishani lililowahi kuniuma kama marahaba ile.

Nikaanza kumwambia. Nilikuwa nalia, na nikilia sauti yangu hupanda juu, inakuwa ya kuchekesha, hilo sina la kufanya. Nikamwambia sampo ilikuwa imechongwa. Nikamwambia niliziona alama za kisu na nikajua. Kichwa chake kikageuka kidogo upande wangu. Nikamwambia nilivyoingia kwenye rafu ya nyuma nikasimama gizani, nikasikia sauti yake kichwani mwangu ikisema Mmakua hana, na nikaona ni afadhali nimpe kitu kisicho chake kuliko kushindwa na Mmakonde. Hapo bega lake likatikisika. Nilidhani anataka kunipiga na nilifurahi. Kumbe anacheka. Kicheko kilianza kifuani, kikamtoka kwa shida, kwa kukohoa, mikono ikishika uso unaomuuma.

"Mmakua," akasema alipopata pumzi. "Umetoka Masasi mpaka hapa kuja kuniambia kwamba siku ile nilishinda mimi?"

"Baba Salima, nasema kweli."

"Najua unasema kweli. Nilishinda. Mama Salima, umesikia? Nilishinda kimya kimya bila kujua." Akacheka tena. Mtoto wao Salima, wa miaka minne, alikuja mlangoni akamtazama baba yake kwa mshangao, kisha akaja akakaa karibu na mguu wake, na yeye akapapasa mpaka akampata kichwa. "Rudia pale ulipoingia gizani," akaniambia. "Ulikaa muda gani? Ulikuwa unaomba dua?"

Sikuweza. Niliomba ruhusa nikatoka uani, nikaenda nyuma ya jiko. Mama Salima alinifuata. Nilipiga magoti nikamshika miguu, nikamwambia ni kweli, si utani, yule ndani haelewi.

"Najua ni kweli," akasema. "Fundi Saidi alikuja wiki iliyopita, akaniletea vile vitu viwili, akanionyesha. Nikamwambia aende, asimwambie mume wangu." Akaitoa mikono yangu miguuni pake, mmoja baada ya mwingine. "Sijakusamehe, dada. Usiniombe hilo, sina. Lakini umesikia alivyocheka? Tangu hospitali hajacheka. Hamshiki mtoto. Chakula namwomba ale kama naomba mvua. Sasa utakuwa unakuja."

"Kuja kufanya nini?"

"Kumwambia hayo hayo. Usipunguze, usiongeze. Ila uyaseme kwa utani, kama mtani anavyosema."

Nikamwuliza, na akijua je. Akatazama vidole vyake vilivyokauka unga wa muhogo. "Sasa hivi ana bahati mbaya," akasema. "Bahati mbaya mtu anaizoea. Akijua, atakuwa na wewe humo gizani mwake, mchana na usiku."

Nilikwenda. Kwanza kila mwezi, kisha kila msimu, nikiwa na mimba nilikwenda, nikiwa na wajukuu nilikwenda. Alijifunza kubangua korosho kwa kupapasa, akawa anawaambia wageni wasubiri, Mmakua wake anakuja na ile ya sensa. Kisa kikapata sehemu zake za kucheka, kikafika Lulindi, kikafika Lupaso, mpaka watu nisiowajua wakawa wananisimulia mimi. Yeye hakujua mpaka anakufa, au alijua, sitapata kulifahamu hilo. Siku ya msiba Mama Salima alikuwa ndani amejifunika na hakuniita. Sasa aliyeweza kunilaumu ameondoka, na aliyejua hataki. Nimebaki na ukweli ambao nikiutamka mahali popote kuanzia Newala mpaka Masasi watu wanaanza kucheka kabla sijafika katikati.

Lakini siku ile ya kwanza, nyuma ya jiko, bado nilikuwa na uwezo wa kukataa. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko ile ya dukani. Ningesimama nikaingia ndani nikamwambia bila machozi, kwa sauti yangu ya chini, akanielewa. Ndani alikuwa anaita, sauti yake imepata nguvu. "Mama Salima, Mmakua ameondoka? Mwambie arudi, kuna mahali sikuelewa." Mama Salima akainama, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anayefuta sufuria. Akaninyanyua kwa kwapa, akanigeuza nielekee mlangoni.

"Cheka kwanza," akaniambia, "ndipo uingie."

Nikacheka, nikaingia.